Haki ya Aliyejitayarisha

Mgeni aliyesikia visiwa vya mwambao vikisifiwa kwa fukwe zake hustaajabu afikapo Pemba. Badala ya uwanda wa mchanga hukuta vilima vinafuatana kama mawimbi, na kati ya kilima na kilima bonde, na ndani ya bonde maji. Juu ni mikarafuu katika udongo mwekundu. Chini ni mpunga katika kinamo, udongo mzito ushikao mguu kama mdai ashikavyo nguo ya mdeni wake. Kisiwa hakina mlima wa kutajwa mbele ya mtu wa Kilimanjaro au wa Usambara. Lakini mtu atakaye kukimbia kilomita sita kutoka kijiji hata kijiji bila kufuata barabara atapanda na kushuka mara nyingi kuliko alivyodhani, na kila ashukapo atalipa ushuru wa tope.

Huko Uingereza mbio za namna hiyo ni mchezo wenye kanuni zake. Katika nchi ya maziwa, kaskazini-magharibi, watu hushindana juu ya vilima vya majani, mawe na kinamasi, na mbio zihesabiwazo kuwa fupi na kali ni zile zisizofika kilomita 10, zenye kupanda kwa wastani mita 50 au zaidi kwa kila kilomita. Mkimbiaji huambiwa mahali pa kufika. Aghalabu njia ya kufikia hutafuta mwenyewe. Sisi hatuna vilele kama vyao, ila tuna utelezi wa udongo mwekundu baada ya masika, na tuna bonde, ambalo jana lilipitika na leo halipitiki.

Nayaeleza haya kwa sababu ya swali nililoulizwa na mpwa wangu, kijana wa sekondari, aliyejiandikisha katika mbio kama hizo walizozipanga vijana wa vijiji viwili. Alikuwa amejitayarisha miezi mitatu. Kila alfajiri alikimbia barabarani, na siku za mapumziko alizunguka uwanja kwa saa mkononi, akiandika dakika na sekunde katika daftari. Akaniambia, "Mjomba, yuko mtoto mmoja wa bondeni, hajakimbia hata siku moja kwa kujizoeza. Kazi yake ni kuamia ndege katika mpunga wa mama yake. Watu wote wanasema atanishinda. Akinishinda, itakuwa haki?"

Sikucheka, wala hapakuwa na la kuchekesha. Neno hilo hilo nimelisikia mara nyingi katika baraza za chuo, likisemwa na wanafunzi wenye mitihani mbele yao, na likisemwa na wakubwa waliokosa cheo: nimejitayarisha, kwa hiyo nastahili. Ni usemi ulioenea hata hatuuoni kuwa ni hoja, na ya kuwa kila hoja huweza kupimwa.

Tuanze na maneno yenyewe, kwani lugha mara nyingine hujua kuliko msemaji. Tunasema kujitayarisha, na tunasema kujiandaa. Katika kuandaa, matumizi yaliyo karibu mno na nyumba ni ya chakula: mtu huandaa sinia, huandaa meza. Mwandazi hutoa jasho jikoni tangu asubuhi, lakini hana amri juu ya nani atakula, wala juu ya nani atasifu. Akiisha kuandaa, amekwisha. Kilichobaki ni cha wageni. Basi mtu ajiandaaye, kama tukilifuata neno hadi mwisho wake, amejiweka mwenyewe juu ya sinia. Sisemi ya kuwa neno moja linaweza kukata hukumu ya jambo kubwa kama hili. Nasema tu kwamba ndani ya neno hilo hakuna ahadi.

Sasa tutazame mambo yalivyo. Katika mashindano ya dunia ya riadha yaliyofanywa Tokyo mwezi wa Septemba 2025, Alphonce Simbu wa Tanzania na Amanal Petros wa Ujerumani walimaliza marathoni kwa wakati ule ule, saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Picha ikatazamwa, Simbu akaonekana ametangulia kwa sekunde 0.03. Tulifurahi, na furaha yetu ilikuwa halali. Lakini ni nani athubutuye kusema ya kuwa Petros alijitayarisha pungufu kwa kadiri ya sekunde 0.03? Na kama hatuwezi kusema hivyo, basi tumekiri ya kuwa ushindi ule haukuwa malipo ya matayarisho, ingawa pasipo matayarisho usingalikuwapo. Furaha yetu isitusahaulishe Juma Ikangaa, ambaye mwaka 1988 alishindwa huko Boston na Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde moja tu, akawa wa pili tena mwaka 1989 na mwaka 1990. Ikangaa ndiye ambaye dunia ya wakimbiaji humnasibisha na neno la kuwa nia ya kushinda si kitu bila nia ya kujitayarisha. Aliyeamini hivyo, na akafanya kwa kadiri ya imani yake, alikuwa wa pili mara tatu mahali pamoja. Hatukumsikia akidai kwamba Boston imemdhulumu.

Hapa mpwa wangu angaliweza kunijibu, na jibu lake lingalikuwa na nguvu. Angalisema: hao wote walijitayarisha, mimi naulizia mtu asiyejitayarisha kabisa. Petros akishindwa na Simbu, jasho limeshindwa na jasho. Mimi nikishindwa na mtoto wa bondeni, jasho limeshindwa na bahati ya kuzaliwa.

Je, ni kweli ya kuwa yule mtoto hakujitayarisha? Tangu akiwa na miaka sita hushuka kilima kabla ya jua, huvuka bonde kwa kukanyaga matuta membamba ya majaruba, hupanda dungu, hushuka mbio kufukuza ndege upande huu, kisha upande ule. Nyayo zake zimesoma kinamo kabla jicho lake halijasoma herufi. Huko Uingereza alikuwako mtu wa namna yake, Joss Naylor, mfugaji wa kondoo, ambaye mwaka 1975 alipita vilele 72 chini ya saa 24. Alifariki mwaka 2024. Alikuwa na tofauti moja na mtoto wetu: Naylor alikusudia. Alijua ya kuwa anashindana, akataka. Mtoto wa bondeni alikuwa akilinda chakula.

Wako wanafalsafa wasemao ya kuwa wema wa tendo umo katika nia, wala si katika matokeo yake. Kwa mizani hiyo mpwa wangu ni tajiri na mtoto wa bondeni ni maskini, kwa kuwa mmoja alinuia mbio na mwingine hakunuia. Mizani hiyo naiheshimu, lakini naona hapa inapima kitu kingine. Tuzo ya mbio haitolewi kwa nia. Hutolewa kwa miguu iliyofika kwanza. Anayetaka kulipwa kwa nia yake asiende kuomba malipo kwenye kamba ya mwisho. Na tena, kama tukipima nia, tupime nia zote: yule aliyekuwa akiamia ndege ili mama yake asikose mpunga, nia yake ilikuwa ndogo kwa lipi?

Epikteto, aliyezaliwa mtumwa katika dola ya Rumi na akawa mwalimu wa hekima, aliwahi kumzungumza mtu atakaye kushinda huko Olimpia. Alimtaka kwanza ahesabu yatanguliayo na yafuatayo: kula kwa amri, kujinyima vitu vitamu, kufanya mazoezi katika joto na katika baridi, kisha kuingia uwanjani, na pengine kuteguka mkono au kifundo cha mguu, na kumeza vumbi, na baada ya yote hayo kushindwa. Akiisha kuyahesabu, na bado anataka, na aende. Nipendalo katika fikira hiyo ni kuwa kushindwa kumewekwa ndani ya hesabu tangu mwanzo. Si ajali iliyokuja kuharibu mapatano; ni sehemu ya bei. Na sisi wa mwambao tunalo letu linalokaribia hilo, lile la bedui aliyeamrishwa amfunge ngamia wake ndipo atawakali. Hakuambiwa ya kuwa ngamia aliyefungwa haibiwi.

Basi kama matayarisho hayampi mtu haki juu ya ushindi, yana kazi gani? Mtu mvivu atalichukua swali hili kwa furaha na kwenda nalo kitandani. Mimi nadhani tumeyatazama matayarisho upande usio wake. Tumeyafanya kuwa fedha, na fedha hununua. Nayaona mimi kuwa ni kulipa deni, na alipaye deni hanunui kitu. Huondoka tu akiwa hadaiwi.

Deni la nani? Nililitambua siku nilipofuatana na mpwa wangu kuipita njia ya mbio kwa mwendo wa kawaida, kwa kuwa daftari lake lilikuwa na dakika zote, ila bonde halikuwamo. Tulishuka kilima cha kwanza. Mwenye kuzoea uwanja hutupa hatua ndefu ashukapo, naye aliteleza mara mbili katika mita mia moja. Katika mteremko mwekundu hatua yapasa kuwa fupi na nyepesi, jicho litangulie mbele hatua kadha, mikono iachwe wazi kama mabawa. Anayeanguka hapo haanguki peke yake. Nyuma yake wako wengine, na njia ni nyembamba baina ya mikarafuu. Hilo ni deni la kwanza, kwa wenzake anaoshindana nao. Mtu asiyejua kushuka anawatia wengine hatarini kwa ujinga ambao angaliweza kuuondoa.

Kisha bondeni. Huko ndiko nilikokaa muda mrefu, na msomaji ataniwia radhi nikikaa tena. Mgeni huona kijani kimoja. Mwenyeji huona vingi. Mahali penye ndago nyingi mguu huzama hata kifundo, nao hutoka. Mahali penye kijani king'aacho, kisichokanyagwa na ng'ombe, usipime. Maji yasimamayo wazi hayatishi kama tope lililofunikwa majani. Kiatu chenye kamba legevu hubaki chini, na mwenyewe huendelea na mguu mmoja mtupu; wengi huona heri kuvua vyote tangu awali. Mguu uliozama hauvutwi kwa nguvu moja kwa moja, huzungushwa kidogo ili hewa iingie. Mvua ya usiku mmoja huyabadili haya yote, kwa hiyo aliyeyajifunza hakujifunza njia, amejifunza kuuliza. Hii ndiyo tofauti kubwa ya bonde na uwanja. Katika uwanja kujitayarisha ni kuondoa mambo ya ghafula. Bondeni huwezi kuyaondoa. Unajizoeza kukutana nayo bila kuanguka, na ukianguka, bila kukasirika.

Majaruba yana wenyewe, na katika Pemba walimao mpunga zaidi ni wanawake. Tuta moja la udongo lishikalo maji huweza kuwa kazi ya siku nyingi. Wakimbiaji thelathini wasiojua pa kukanyaga wakipita wote katikati, maji yatatoka jaruba moja na kujaa jingine, na mpunga mchanga utalala. Hapo mkimbiaji asiyejitayarisha hadhuru nafsi yake tu. Anamtoza mtu mwingine gharama ya mchezo wake. Mbele ya bibi mwenye jaruba, dakika na sekunde za daftarini si udhuru.

Nilidhani nimefika mwisho wa fikira yangu, kumbe tope lilikuwa bado. Tulipokuwa tumesimama juu ya tuta, mpwa wangu aliona jambo. Njia iliyowekewa alama ilizunguka bonde kwa upande wa juu. Lakini kukata moja kwa moja kupita majaruba mawili yaliyopandwa karibuni kungempunguzia, kwa hesabu yake, zaidi ya dakika nzima. Kanuni za mbio zilitaja vituo vya kupitia tu, wala hazikusema lolote juu ya majaruba. Asiyejitayarisha asingaliliona hilo. Mtoto wa bondeni alilijua tangu zamani, na asingaliweza kulifanya, kwa kuwa mojawapo ya majaruba hayo ni la mama yake. Ni mpwa wangu peke yake aliyekuwa na maarifa ya kulijua na uhuru wa kulitenda. Matayarisho yake yalikuwa yamemfikisha mahali ambapo, kwa kadiri ya kanuni, angaliweza kushinda, na ambapo asingaliweza kushinda bila kumdhulumu mtu.

Sikumwambia neno. Mwalimu apendaye kusema lazima siku nyingine anyamaze, hasa akijua jibu alipendalo. Alisimama kitambo akiutazama mpunga, kisha akapaza sauti kumwita bibi aliyekuwa akipalilia ng'ambo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Nauliza, siku ya mbio tukitaka kupita huku bila kukuharibia, tupite wapi?"

Bibi alijinyoosha, mkono kiunoni, akamtazama miguuni, palipokuwa na viatu vyeupe vilivyokwisha kuwa vyekundu. Akamwonyesha tuta la tatu kutoka kwenye mnazi ulioinama, akasema hilo amelipiga mwenyewe kwa jembe msimu huu, ni gumu, litawachukua wote ikiwa watapita mmoja mmoja. Akaongeza ya kuwa viatu hivyo avue.