Vitabu Chini ya Matao

Somo: Marko 11:15–17

Huko Maastricht, Uholanzi, kuna kanisa la Wadominiko lililowekwa wakfu mwaka 1294. Leo ni duka la vitabu. Jeshi la Ufaransa liliuteka mji mwaka 1794, watawa wakaondoshwa, na kwa miaka mingi jengo likatumiwa kwa kila shughuli, hata kuwekea baiskeli. Wauza vitabu waliingia mwaka 2006.

Rafu zao ni za chuma cheusi, zimepandishwa kama ghorofa upande mmoja wa kanisa, nazo zinajitegemea bila kuzitwisha mzigo kuta za zamani. Ukipanda ngazi unayakaribia matao ya dari ambayo waumini wa kale waliyatazama kutoka chini tu. Ukutani umebaki mchoro wa mwaka 1337 unaomwonyesha Thomas wa Akwino, mtakatifu wa Wadominiko. Na pale mbele, palipokuwa na madhabahu, watu wanakunywa kahawa kwenye meza yenye umbo la msalaba.

Mkristo atauliza: je, Yesu hakupindua meza za wafanyabiashara? Alizipindua. Lakini tuangalie zilipokuwa. Wafafanuzi wengi wanasema biashara ile ilifanyika katika ua wa nje wa hekalu, mahali pekee ambapo watu wa mataifa waliruhusiwa kusali. Njiwa na sarafu zilikuwa zimewanyang'anya wageni nafasi yao mbele za Mungu.

Kwa kipimo hicho, duka la Maastricht halikumfukuza mwenye kusali; lilizikuta baiskeli. Anayenunua anaingia, na asiyenunua anaingia vilevile. Nalifurahia. Ila ile meza inanichoma moyo: msalaba haufai kuwa pambo la mgahawa.

Sisi wa pwani tunaijua safari ya upande wa pili, kutoka soko hadi kanisa. Soko la watumwa la Mkunazini, Unguja, lilifungwa mwaka 1873, na Kanisa Kuu la Anglikana likajengwa papo hapo. Mbele ya madhabahu, duara la marumaru nyeupe lililozungushiwa nyekundu linaonyesha mahali ambapo, kwa masimulizi ya pale, ilisimama nguzo ya kuwachapia watumwa. Wajenzi hawakuyaficha maumivu ya mahali pale. Yeyote anayekwenda kupokea Ushirika Mtakatifu anayaona.

Ulaya makanisa yanabadilishiwa kazi kwa kukosa watu. Kwetu mara nyingi ni kwa wingi wa watu: usharika umekua, umejenga kanisa kubwa kando, na lile la wamisionari limebaki na popo na bati linalovuja. Wazee wa kanisa, likija pendekezo la kuligeuza maktaba, zahanati au ukumbi, ulizeni kwanza kama jirani asiye na fedha, na asiye Mkristo, ataingia. Ulizeni nani atayatunza makaburi ya uani, na kisima cha ubatizo kitahamishiwa wapi. Majibu hayo yaandikwe ndani ya mkataba kabla fundi hajapanda juu ya paa.