Mti Ni Wangu, Shingo Ni ya Nani?

Baada ya darsa ya Alasiri, mwanzoni mwa masika, mama mmoja mjane alibaki nyuma barazani mpaka watu wakaondoka. Akaniambia: "Maalim, jirani yangu ana mvule uani kwake. Umelalia upande wangu. Usiku upepo ukivuma silali, nawahamishia watoto jikoni. Nimemwendea mara tatu. Ananijibu kuwa mti ni wake, na kivuli chake nimekitumia miaka yote bila ya kulipa. Sasa amekubali ukatwe, lakini kwa mkwezi, na kila mkwezi anayekuja hutazama juu akajiendea zake. Watu wamemshauri alete kreni kutoka Tanga, naye amesema hizo ni anasa za watu wa mjini. Dini inasemaje?"

Nilimwahidi jawabu. Nimeona niliandike hapa, kwa sababu swali hili si lake peke yake. Huku kwetu Magoma, katika bonde la Mto Lwengera, baina ya milima ya Usambara, ardhi ina rutuba, na mti aliouacha babu kwa ajili ya kivuli, mjukuu huukuta umelipita paa mara tatu. Zamani nyumba ilikuwa ya udongo na makuti, na jirani alikuwa mbali. Leo paa ni la bati, jirani yu karibu kiasi cha kupeana kaa la moto dirishani, na mti ni ule ule.

Kwanza tusiudhulumu mti. Mtume s.a.w. ametufunza kwamba anachokula ndege, mnyama au mwanadamu katika mti aliopanda Muislamu, huandikiwa yule aliyepanda kuwa ni sadaka yake. Basi asije mtu akasoma maneno haya akatoka na shoka. Kuukata mti mzima kwa kuchoka kufagia majani, au kwa husuda ya kivuli cha jirani, ni uharibifu. Mimi nasema juu ya mti ambao wenye ujuzi wameutazama wakaona hautadumu: shina limeota uyoga penye udongo, ukiligonga lalia kama ngoma, mizizi imeinua ardhi upande mmoja, au ufa umeingia penye panda. Na mtu asijitetee kwa kusema mti huu umesimama tangu enzi za mababu. Kimbunga kilichoipiga Unguja mwezi wa Aprili 1872 kiling'oa mikarafuu na minazi mashamba kwa mashamba, nayo pia ilikuwa imesimama mpaka siku ile.

Katika Sunan ya Abu Daud imepokewa habari ya Samura bin Jundub, aliyekuwa na mitende ndani ya bustani ya mtu wa Ansari, naye Ansari akikaa humo na ahali zake. Samura akiingia kuitazama mitende yake, akimuudhi mwenzake. Ansari akamtaka amuuzie, akakataa. Akamtaka wabadilishane, akakataa. Shauri likafika kwa Mtume s.a.w. Naye akamtaka Samura auze, akakataa. Akamtaka abadilishe, akakataa. Akamtaka atoe bure, na akamtajia malipo ya kumvutia, akakataa. Ndipo Mtume akamwambia kuwa yeye ni mtu wa kudhuru, na akamwamrisha Ansari aing'oe. Wanazuoni wameizungumza sanadi ya hadithi hii, lakini maana yake imeungana na msingi ambao hakuna anayeupinga, kwamba katika Uislamu hakuna kudhuru wala kulipizana madhara. Nataka msomaji atazame jinsi Samura alivyofunguliwa mlango baada ya mlango kabla ya kuitwa jina lile. Haki yake ya kumiliki haikupuuzwa. Iliheshimiwa mpaka yeye mwenyewe alipoigeuza kuwa silaha.

Ama fiqhi, katika madhehebu yetu ya Shafi, tawi likivuka mpaka na kuingia katika anga ya jirani, jirani ana haki ya kumtaka mwenye mti aliondoe. Akikataa, jirani ataligeuza upande mwingine, na lisipogeuzika atalikata, hata bila ya kwenda kwa kadhi kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Hilo ni jepesi. Lenye uzito ni shina lenyewe linapoinama. Maulamaa wamelizungumza hili katika mlango wa ukuta ulioinama, nami naupima mti kwa ukuta. Imamu Nawawi katika Minhaj anasema kuwa ukuta uliojengwa wima, kisha ukainama ukaanguka, mwenyewe hana dhamana. Na akataja kauli ya pili, kwamba ikiwa aliweza kuubomoa au kuutengeneza na hakufanya, atadhamini. Wenzetu Mahanafi wameishika njia iliyo karibu na hii ya pili: akionywa mbele ya mashahidi na muda ukapita, basi ajue kinachovunjika ni juu yake.

Jirani wa mama yule ni msomi kidogo, na ninajua atakimbilia kauli ya kwanza. Nitamwambia hivi. Kitabu kinakuambia kadhi atakutoza nini baada ya watoto kufa. Hakikukuambia uwaache wafe. Mtu anayefungua kitabu cha fiqhi kutafuta kiasi gani anaweza kumtia jirani yake hofu bila ya kulipa, huyo amekisoma kichwa chini.

Mpaka hapa watu wengi tutakubaliana. Tunakotofautiana ni kwenye nusu ya pili ya swali, nayo ndiyo iliyoninyima usingizi. Mti utatolewa, lakini utolewe vipi? Wanazuoni walioweka kanuni ya kuwa madhara huondolewa, waliweka na nyingine kando yake: madhara hayaondolewi kwa madhara mfano wake. Kanuni ya kwanza tunaipenda, kwa sababu inatulinda sisi na mabati yetu. Ya pili inamlinda mtu ambaye hatumuulizi jina lake, yule mkwezi.

Sisemi haya kwa kumnyooshea kidole jirani wa watu. Mwaka 2009 nilikuwa na mwembe uliolalia jiko la jirani yangu. Nilimtafuta kijana mkwezi, tukapatana shilingi elfu thelathini, nami nikajiona nimemtimizia jirani haki yake. Kamba niliitoa mimi. Ilikuwa kamba ya katani, na nani katika nchi hii ya mkonge asiyejua kuwa katani iliyonyeshewa huoza ndani huku nje ikionekana nzima? Ile ilikuwa imelala chini ya mchirizi wa paa masika nzima. Nilijua, na nilisema moyoni kuwa itatosha. Tawi la tatu lilipokatika halikwenda chini moja kwa moja. Lilizunguka, likaivuta kamba, kamba ikakatika, na kijana akaja chini nyuma ya tawi. Nyonga ikavunjika.

Nilivifungua vitabu usiku ule. Nilikuta kuwa mtu huru, mwenye akili, aliyepanda kwa hiari yake kwa ujira waliopatana, mwajiri hatozwi diya yake ikiwa hakumghuri. Nikasimama kwenye neno hilo la mwisho. Kunyamaza juu ya kamba ni nini, kama si kughuri? Nilibeba gharama za matibabu na chakula cha nyumba yake mpaka alipoanza kutembea, naye akawa ananiliwaza mimi: "Maalim, usijisumbue, ni kadari." Neno la kadari kinywani mwa aliyeumia ni subira, na ana thawabu zake. Kinywani mwangu mimi niliyeokoa bei ya kamba mpya, lingekuwa ni kumsingizia Mwenyezi Mungu ubahili wangu.

Tangu hapo nimekuwa nikiuliza kila nisikiapo mti mkubwa unakatwa: nani atapanda, na amefungwa kwa nini?

Sasa hii kreni, ambayo watu wa bandarini wamezoea kuiita winchi, kazi yake katika mti si ya ajabu. Mti uliozungukwa na nyumba hauwezi kuangushwa mzima, kwa hiyo hukatwa vipande kuanzia juu. Mkwezi akifanya peke yake, kila kipande alichokikata huanguka au huning'inia kwenye kamba na kumrudia yeye. Kreni ikiwapo, mkanda hufungwa kwenye kipande kabla ya msumeno kugusa, mkono wa kreni ukavuta kiasi cha kukibeba, na kikikatika hakiendi popote. Huinuliwa juu ya paa na kushushwa taratibu pahala pa wazi. Mtu bado yupo juu, au ndani ya kikapu, lakini uzito hauko tena juu ya mkono wake na bahati yake. Mita moja ya ujazo ya mti mbichi hukaribia tani. Mkwezi ana kilo sitini.

Wala kreni si hirizi. Mkono wake ukinyooka mbali, nguvu zake hupungua sana, na lori lililonyanyua mzigo mkubwa karibu nalo laweza kupinduka kwa mzigo mdogo ulio mbali. Miguu yake yataka ardhi ngumu na mbao pana chini yake. Kuileta katikati ya masika kwenye udongo wetu wa bondeni ni kutafuta msiba wa pili. Nyaya za umeme zilizo karibu lazima TANESCO wazizime kwanza. Na hapiti mtu chini ya mzigo, hata awe ndiye mwenye mti. Dereva asiyejua hesabu hizi ni kama kamba yangu ya katani.

Mwenye mti anasema ni anasa. Hebu tutazame mashine hizi huitwa lini. Mwaka 2022, katika kaunti ya Kilifi huko Kenya, mibuyu minane ilinunuliwa kutoka katika mashamba ya wanakijiji ili ipelekwe nchi ya Georgia, kwenye bustani ya miti ya Shekvetili, ufukweni mwa Bahari Nyeusi. Zilikuja mashine za kuchimba na za kunyanyua, mibuyu ikatolewa na mizizi yake na kulazwa juu ya malori kwa uangalifu. Wenye mashamba walilipwa kati ya shilingi laki moja na laki tatu za Kenya kwa mti. Watu wakapiga kelele, na mwezi wa Novemba mwaka ule Rais Ruto akaagiza uchunguzi wa vibali. Kelele zile zilikuwa za haki, na mbuyu kwa ndugu zetu Wamijikenda si mti tu. Lakini mimi jambo jingine lilinikaa. Kumbe kreni hufika shambani! Hufika mti ukiwa na tajiri anayeutaka ukiwa hai. Mkwezi hana tajiri anayemtaka akiwa hai, ila mkewe na wanawe, nao hawana pesa za kreni.

Zanzibar wameliona jambo hili kwa upande wa karafuu, na Shirika la Taifa la Biashara, ZSTC, limekuwa likiwalipa fidia wachumaji wanaoanguka mikarafuuni. Kwa karafuu ipo serikali inayoinunua. Kwa mwembe wa uani hakuna mwingine ila mwenye uani.

Nakiri kuwa wengi hawawezi bei yake. Lori lenye kreni kutoka Tanga husafiri karibu kilomita 100 mpaka Korogwe, kisha lije huku, na saa huhesabiwa kwenda na kurudi. Asiyeweza, asilazimishwe asichoweza. Lakini kutoweza kuna daraja zake. Yuko asiyeweza, na yuko asiyetaka, na yuko asiyeweza peke yake. Nyumba nne zilizo chini ya mti mmoja, zote zikinufaika na kuondoka kwake, zina haja gani ya kumwachia mmoja mzigo? Na ikishindikana kabisa, basi wahame watu nyumba zilizo chini yake kwa siku hiyo, inunuliwe kamba mpya, alipwe mkwezi ujira wa kazi ya hatari na si wa kuangua nazi, aambiwe kila kinachojulikana juu ya uozo wa mti, na akitazama juu akasema siwezi, asibembelezwe kwa njaa yake. Wale wakwezi waliomkimbia mvule wa mama yule walikuwa ndio mafakihi wa siku hiyo.

Nilikwenda kwa jirani mwenyewe, baada ya Ijumaa, pamoja na wazee wawili. Hakufurahi. Alitaka nimwambie kama ni wajibu au si wajibu. Nikamwambia kuondoa mti ni haki ya jirani yako, na kuuondoa kwa shingo ya mtu mwingine si haki yako. Akanyamaza, kisha akauliza mbao zitakuwa za nani. Hilo lilikuwa swali jema kuliko alivyodhani. Mvule ni mbao za thamani, na kipande kilichoshushwa na kreni kizima hupasuliwa, ambapo kilichoangushwa hupasuka chenyewe. Tukahesabu. Mbao zilikuwa zinalipa sehemu kubwa ya lori, na nyumba tatu jirani zikaahidi kilichobaki, mama mjane akiwa wa kwanza kutoa, ingawa tulimkataza. Kibali kilitafutwa kwa watu wa misitu, maana mvule ni katika miti ambayo sheria ya mwaka 2002 haikuruhusu ikatwe bila ya ruhusa, hata ikiwa uani mwako.

Tulingoja masika iishe na ardhi ikauke. Kwa wiki sita hizo mama na watoto walilala kwa jirani mwenyewe, kwa matakwa yake, jambo ambalo sikulitarajia. Lori lilikuja asubuhi, kazi ikaisha kabla ya Alasiri, na bati moja tu lilikunjika, la choo. Yule kijana wangu wa mwaka 2009, ambaye sasa si kijana na anachechemea, tulimweka kwenye kiti chini ya mwarobaini mbali na mzigo. Yeye ndiye aliyewaonyesha watu wa kreni tawi gani limeoza ndani na mkanda ufungwe wapi, kwa kuwa katika ujana wake aliwahi kuupanda mvule ule mara mbili. Alilipwa siku nzima.