Mjane na Watoto Watano

Kila mwaka, tarehe 2 Februari, tunapoadhimisha sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni, mahubiri yetu mengi humhusu mzee Simeoni, na bibi aliyekuwako hekaluni siku ile hupewa maneno machache tu mwishoni. Lakini Mwinjili Luka hakumpita hivyo. Atutajia jina lake, Ana. Jina la baba yake, Fanueli. Na kabila lake, Asheri. Atueleza pia kwamba alikaa na mumewe miaka 7 tu, kisha akawa mjane hata uzee wake. Wako wengi, hata miongoni mwa Wakristu, wadhanio kwamba mwanamke aliyefiwa na mume angali kijana, tena bila mtoto, maisha yake yamekwisha kazi: ama aolewe upesi, ama akae pembeni akilishwa na ndugu. Luka hakuona hivyo.

Wala Mtume Paulo hakuona hivyo. Katika sura ya tano ya barua yake ya kwanza kwa Timoteo aeleza ni mjane yupi aandikwe katika orodha ya Kanisa. Awe ametimiza miaka 60, tena ajulikane kwa matendo mema. Na katika matendo hayo, la kwanza alitajalo Mtume ni kulea watoto. Hapa yafaa tusome polepole. Katika sura hiyohiyo Paulo anayo maneno mawili ya Kigiriki, moja la kuzaa watoto na jingine la kuwalea. Lile la kuzaa alitumia aliposema juu ya wajane vijana. Kwa mjane mzee alitumia lile la kulea. Hakuuliza, basi, watoto wale walitoka tumbo la nani.

Twataka leo kuwaeleza wasomaji wetu habari za mjane mmoja aliyeyatimiza maneno hayo, naye pia jina lake lilikuwa Anna. Hakuwa Mkatoliki, alikuwa mfuasi wa Kanisa la Episkopali, ambalo ni la Kianglikana huko Marekani. Hilo halituzuii kumshukuru Mungu kwa ajili yake.

Anna Julia Cooper alizaliwa mwaka 1858 katika mji wa Raleigh, jimbo la North Carolina. Mama yake, Hannah, alikuwa mtumwa, na kwa sheria za siku zile mtoto wa mtumwa alikuwa mali ya bwana wa mama yake. Vita vilipokwisha na watumwa kuwekwa huru mwaka 1865, mtoto huyo alikuwa bado hajatimiza miaka 7. Miaka michache baadaye akaingia shule ya Mtakatifu Augustino, iliyofunguliwa na Kanisa lake pale Raleigh. Huko Kigiriki kilifundishwa kwa vijana wa kiume waliojiandaa kuwa wachungaji. Binti huyu akadai naye aruhusiwe kukisoma. (Sisi tuliokisoma Seminari Kuu kwa kulazimishwa twamstaajabia aliyekidai.) Akaruhusiwa, na mwalimu wa somo hilo, George Cooper, ndiye aliyemwoa mwaka 1877. Mwaka 1879 mume akafa. Anna alikuwa na miaka 21, wala hakuwa na mtoto.

Hakuolewa tena. Alikwenda kusoma Oberlin, akapata shahada mwaka 1884, kisha akafundisha huko Washington katika shule ya sekondari ya watu weusi iliyoitwa M Street. Mwaka 1902 akawa mwalimu mkuu wake. Wakati ule wengi walishikilia kwamba mtoto mweusi yamtosha ufundi wa mikono. Mama Cooper hakudharau ufundi, ila hakukubali mtu amwekee mtoto mpaka kabla ya kumjaribu. Chini yake wanafunzi wa M Street wakaingia vyuo vikubwa kama Harvard. Padre mmoja Mfaransa, Félix Klein, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Paris, aliitembelea shule hiyo mwaka 1903, akaisifu katika kitabu alichokiandika juu ya safari yake. Lakini sifa za mgeni hazimlindi mwenyeji: mwaka 1906 Mama Cooper aliondolewa katika uongozi, na watu walisema mengi mabaya juu yake. Alikwenda kufundisha Missouri. Mwaka 1910 shule ileile ikamrudisha, safari hii kama mwalimu wa Kilatini, naye akarudi.

Mwaka 1914 alianza masomo ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, wakati wa likizo. Mwaka uliofuata mama mmoja wa ukoo wake akafariki, akaacha watoto watano, mdogo wao akiwa bado mchanga. Walikuwa wajukuu wa kaka yake Anna. Kwetu tungesema ni wajukuu zake mwenyewe. Mjane yule alikuwa na miaka 57, mshahara wa mwalimu, na masomo yaliyodai akae New York mwaka mzima. Aliwachukua wote watano. Alinunua nyumba Washington ili wapate pa kukaa, na Columbia akaiacha.

Hatutaki kulifanya jambo hili jepesi. Kuna akina mama wasomao maneno haya wajuao gharama ya kinywa kimoja tu kilichoongezeka mezani, na wajuao jinsi mambo uliyojipangia yanavyosogezwa mwaka hadi mwaka. Mama Cooper alilipa gharama hiyo kwa miaka kumi. Mwaka 1924 alikwenda Paris kutimiza masharti ya Sorbonne, akionywa kwamba asiporudi darasani katika siku 60 atapoteza kazi. Akarudi kwa wakati. Tarehe 23 Machi 1925 alisimama mbele ya maprofesa wa Sorbonne kutetea kazi yake ya udaktari, na somo lake lilikuwa msimamo wa Ufaransa juu ya utumwa wakati wa Mapinduzi yake. Waliozaliwa watumwa walikuwa wameandikwa sana na wengine. Siku ile mmoja wao aliyasoma mashauri ya waliokuwa mabwana na kuyapima. Alikuwa na miaka 66.

Sasa tutazame nyumbani kwetu. Matanga yakiisha ukoo hukutana. Shamba hugawanywa, ng'ombe hugawanywa, na watoto nao hugawanywa. Yule aliyeangukia kwa shangazi huamka kabla ya jogoo, huchota maji, huwasha moto. Kisha watoto wa nyumba huvaa sare wakaenda shule, naye hubaki na mchanga mgongoni. Jumapili huja kanisani nyuma ya wenzake, amevaa kilichowabana. Watu husema, shangazi yule ana moyo, analea yatima. Twasema wazi: huyo hakulelewa, ametumikishwa, na asiyejua tofauti hiyo asome tena lile neno la Paulo. Tena twaomba viongozi wa jumuiya wasione haya kuuliza, shule zifunguliwapo Januari, ni watoto gani wa nyumba ile wameandikishwa na ni nani aliyebaki. Tukiulizwa hatukuja kuingilia mambo ya ukoo, tujibu kwamba mtoto aliyebatizwa ni wa ukoo wetu pia.

Na kwa wajane na walimu waliostaafu tuna neno pia. Mama Cooper alistaafu shuleni mwaka 1930, na mwaka huohuo akakubali kuongoza Frelinghuysen, chuo cha watu wazima waliofanya kazi mchana na kusoma usiku: watumishi wa majumbani, vibarua, watu ambao vyuo vingine havikuwa na saa yao. Chuo kiliposhindwa kulipia jengo, akakihamishia nyumbani kwake, katika nyumba ileile aliyoinunua kwa ajili ya yatima. Sehemu iliyofundisha wale wasiosoma kabisa akaiita kwa jina la mama yake, Hannah Stanley, aliyekuwa mtumwa.

Alifariki Washington tarehe 27 Februari 1964, mwenye umri wa miaka 105. Walimrudisha Raleigh wakamzika kando ya mumewe, aliyekuwa amelala pale peke yake miaka 84.