Joho la Dhalimu na Daftari la Mgao

Ziko filamu za aina moja ambazo kila aliyepata kukaa katika kibanda cha video anazijua, hata kama majina yake yamemtoka. Dunia imekwisha angamia, kwa vita, kwa maradhi au kwa ukame. Miji ni magofu, maji yamekuwa adimu kuliko dhahabu, na katikati ya vumbi ameketi mtawala. Amejivika joho la manyoya, mabega ameyapamba kwa vipande vya matairi, kiti chake kimeundwa kwa vyuma vya magari mabovu, na mbele yake kimesimamishwa kioo. Watu wanakufa kwa kiu, naye anaagiza achongewe sanamu. Mlango wa filamu hizi ulifunguliwa na Mad Max, iliyotoka Australia mwaka 1979 kwa fedha chache. Na zile zilizoiga mfano wake huko Italia na Ufilipino katika miaka ya 1980 zilipewa fedha chache zaidi. Joho linaonekana wazi kuwa ni pazia, taji ni kipande cha bati. Hadhira hucheka, na aghalabu humcheka mtawala kuliko kumwogopa.

Kicheko hicho kinazaa suala la maadili ambalo si jepesi. Anayemcheka dhalimu anafanya nini hasa? Anamvua nguvu zake, au anajisahaulisha tu zilikotoka?

Kabla ya kukihukumu kicheko, yafaa kuitendea haki filamu yenyewe, kwani ufukara wake una elimu ndani yake. Filamu yenye mali hulionyesha jeshi la dhalimu kuwa ni bahari ya watu isiyo na mwisho, na mtazamaji akaondoka akiamini kwamba nguvu hizo zimeshuka kutoka mbinguni. Filamu fukara haina uwezo huo. Ina waigizaji wanane wenye marungu, na yule aliyeuawa mwanzoni hurudi baadaye akiwa na kofia nyingine. Kwa hivyo mtazamaji anaweza kuwahesabu. Anaona kwamba mwenye joho ni mmoja na wanaomzunguka ni wanane, na kwamba lau wanane hao wangeweka marungu chini, hadithi ingekwisha kabla ya machweo. Étienne de La Boétie, Mfaransa wa karne ya 16, aliitetea fikra hiyo katika insha aliyoiandika angali kijana: kwamba dhalimu hana nguvu isipokuwa ile anayokopeshwa na wanaomtii. Mwenye filamu asiye na fedha ameifikia fikra hiyo hiyo kwa njia ya umaskini.

Ila mtazamaji hahesabu. Macho yake yamenaswa na joho. Hapo ndipo tatizo linapoanzia.

Afrika ya Mashariki haikuhitaji kumbuni mtawala wa namna hiyo. Mkoa wa Kagera, ambamo wilaya ya Ngara imo, uliwahi kupakana naye. Idi Amin Dada, aliyeipindua serikali ya Uganda Januari 1971, alijipa cheo cha Field Marshal na urais wa maisha, akajaza nishani kifuani, akajitangaza kuwa mshindi wa Dola ya Uingereza. Mwaka 1975, wakati wa mkutano wa wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Kampala, alibebwa kitini juu ya mabega ya Wazungu, mbele ya wapiga picha. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amekubali kupigwa filamu na Barbet Schroeder. Alijichagulia mwenyewe mengi ya kuonyeshwa, akijua kwamba kamera ni kioo kingine. Alipopata habari kwamba hadhira za Ulaya zilikuwa zikicheka, alidai sehemu alizozichukia zikatwe, akawafanya Wafaransa waliokuwa Uganda kuwa rehani mpaka alipotimiziwa. Baada ya kuanguka kwake, Sharad Patel wa Kenya alitoa mwaka 1981 filamu ya Rise and Fall of Idi Amin, na Mkenya Joseph Olita akamwigiza. Ni kazi ya gharama nafuu, yenye damu nyingi na kelele nyingi, ndugu wa karibu wa zile filamu za jangwani.

Ulimwengu basi ulimcheka Amin kwa miaka minane. Kicheko hicho kilifanya nini? Wapo waliodhani kwamba mtu mwenye kuchekesha hawezi kudhuru. Viongozi wa Afrika walimpa uenyekiti wa Umoja wao mwaka ule ule wa 1975, na Julius Nyerere akakataa kwenda Kampala. Kicheko na heshima vilikaa meza moja bila kugombana. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Tanzania, yakaikalia ardhi ya kaskazini ya Mto Kagera na kulivunja daraja la Kyaka. Mkoa huo wakati ule uliitwa Ziwa Magharibi; jina la Kagera ulipewa mwaka 1979, baada ya vita. Kwa wanakijiji walioporwa ng'ombe na kuuliwa jamaa zao, nishani za bandia hazikuwa tena mzaha. Aliyekuwa mbali aliliona vazi. Aliyekuwa karibu aliiona bunduki, na aliyeishika bunduki hakuwa Amin mwenyewe. Alikuwa askari, mtu wa kawaida, asiye na joho.

Tena pambo lenyewe halina hatia. Mwinyi Mkuu wa Unguja alikuwa na siwa na ngoma zake, na wafalme wa Burundi walikuwa na ngoma ya Karyenda. Vitu hivyo vilikuwa alama za cheo kilichomtangulia aliyekishika na kilichotarajiwa kubaki baada yake. Vilimkumbusha kwamba yeye ni mpitaji. Mtawala wa kujisifu hulipindua jambo hilo: huitengeneza alama ili imsifu yeye, na akiondoka iondoke naye. Hiyo ni aibu ya tabia, na inastahili kuchekwa. Lakini aibu ya tabia si sawa na dhuluma. Mtu anaweza kujipamba kupita kiasi asimdhulumu yeyote. Swali gumu zaidi ni kinyume chake: je, mtu anaweza kudhulumu maelfu bila ya kujipamba?

Ngara ina jibu, na jibu hilo liliujia kwa mto ule ule. Karibu na maporomoko ya Rusumo, Mto Ruvubu unaotoka Burundi hukutana na Nyabarongo unaotoka Rwanda, na kutoka hapo mto huitwa Kagera. Huelekea kaskazini ukigawa Tanzania na Rwanda, kisha hugeuka mashariki, hupita Kyaka na kuingia Ziwa Viktoria. Maji yaliyopita chini ya daraja lililovunjwa na majeshi ya Amin yalikuwa yamepita kwanza mpakani mwa Ngara. Mwezi wa Aprili na Mei 1994 maji hayo yalibeba maiti za Watutsi waliouawa Rwanda, yakazifikisha hadi ziwani. Tarehe 28 na 29 Aprili watu waliokadiriwa kuwa robo milioni walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa saa 24. Walitua Benaco, mahali palipopata jina kwa kampuni ya ujenzi wa barabara, na mara kilima kikageuka mji wa maturubai. Miti ilikatwa ikawa kuni, na maji yakawa ya kupangiwa foleni. Kila kitu ambacho mtengeneza filamu angekitamani kwa ajili ya dunia yake iliyoangamia kilikuwapo. Kilichokosekana ni joho.

Miongoni mwa waliovuka alikuwamo Sylvestre Gacumbitsi, mkuu wa komuni ya Rusumo, ng'ambo tu ya daraja. Katikati ya Aprili, maelfu waliokimbilia kanisa la Nyarubuye, katika komuni yake, walikuwa wameuawa. Mwandishi Fergal Keane wa BBC alimkuta mwaka huo huo kambini Benaco, akamhoji mbele ya kamera, naye akakana kila kitu. Kambini alikuwa bado ni mkubwa wa watu wake na alishughulika na ugawaji wa chakula, kwa kuwa wakimbizi walikuwa wamepangwa kwa komuni zao, na wenye kuwajua watu kwa majina walikuwa ni wakuu wale wale waliowatawala nyumbani. Alikamatwa mkoani Kigoma mwaka 2001. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda iliyokuwa Arusha ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari Juni 2004 na kumhukumu kifungo cha miaka 30; kwenye rufaa, Julai 2006, adhabu ikawa kifungo cha maisha.

Filamu mbili basi zinaweza kuwekwa bega kwa bega. Katika ya Schroeder yumo mtu anayejaza kila pembe ya picha, anacheka, anahutubu, anaamuru. Katika mahojiano ya Keane yumo ofisa wa serikali za mitaa asiye na nishani hata moja, anayejibu kama mtu aliyesumbuliwa kazini. Hadhira iliyomcheka wa kwanza haioni cha kumcheka wa pili. Na kama imezoezwa na filamu za joho na kioo kwamba uovu hutambulikana kwa mapambo, basi mtu huyu atapita mbele yake bila ya kushukiwa. Hilo ndilo deni la kicheko: kinamfundisha mtu kumtafuta dhalimu katika nguo, hali dhalimu huenda yumo katika daftari. Anayeshika orodha ya majina wakati wa mauaji anajua nani atafutwe. Akiishika orodha ya mgao kambini, anajua nani atapata mahindi na maharage, na nani atachelewa kupata. Yule wa jangwani angehitaji kiti cha vyuma ili atiiwe. Huyu alihitaji kalamu tu.

Karibu zaidi na ukweli huo imefika filamu nyingine ya Afrika ya Mashariki, nayo ni fupi na ya fedha chache. Ni Pumzi ya Wanuri Kahiu wa Kenya, ya mwaka 2009, isiyotimiza hata nusu saa. Dunia imeharibiwa na vita vya maji. Walionusurika wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, wakisafisha jasho lao na mkojo wao ili wapate cha kunywa, na ndoto huzuiwa kwa vidonge. Hakuna mfalme mwenye kioo. Kuna baraza linalotoa na kunyima ruhusa kwa sauti ya upole, kana kwamba linasoma bei za sokoni. Asha, anayetaka kutoka nje kuupanda mche, hapambani na jitu. Anapambana na utaratibu. Hadhira haicheki, na huenda ndiyo sababu inaona vizuri zaidi.

Mtu atasema kwamba hukumu hii ni kali mno. Mnyonge hana silaha nyingine, na kama kicheko hakina nguvu, kwa nini Amin aliteka raia wa nchi nyingine kwa sababu ya dakika chache za filamu? Hoja hiyo ina uzito. Utawala unaotegemea sifa huumia sifa zinapogeuzwa mzaha. Aliyemcheka Amin ndani ya Kampala, kwa sauti ya chini, alihatarisha roho yake, na kicheko cha namna hiyo ni ushuhuda. Lakini kicheko cha aliyelipa kiingilio na kurudi nyumbani salama hakikulipiwa chochote. Tofauti baina ya viwili hivyo haimo katika utamu wa mzaha. Imo katika kile ambacho mchekaji anatambua kuhusu nafasi yake mwenyewe. Wa kwanza alijua kwamba yeye ni miongoni mwa wanaotakiwa kukibeba kiti, akajizuia walau kwa moyo wake. Wa pili anadhani kwamba kiti kinajibeba.

Kumcheka dhalimu, basi, ni halali, ila hakutoshi. Kicheko kikiishia kwenye joho ni burudani. Kikishuka hadi kwa fundi aliyelishona, mpambe aliyelishika lisiburure vumbini, karani aliyeandika majina na umati uliopiga makofi, hapo kinaanza kuwa hukumu, na huenda mchekaji akanyamaza katikati kwa kumwona mtu anayefanana naye. Wahenga waliliona hilo waliposema kwamba mvunja nchi ni mwananchi.

Na lau filamu mojawapo ya jangwani ingeonyeshwa Ngara usiku wa leo, mbele ya watu waliokuwa vijana mwaka 1994, hapana shaka wangelicheka taji la bati kama wanavyolicheka wengine. Bali huenda mmoja wao, aliyepata kuviona vilima vya Benaco vikimezwa na maturubai, asishughulike sana na mwenye taji. Angemtazama yule mwigizaji asiye na jina, aliyesimama kando ya pipa la maji, ameshika daftari. Filamu haikumpa hata neno moja la kusema, na hadhira haikumwona. Huyo ndiye angemwogopa.