Majira ya Demani na Kazi ya Mikono



Mwezi huu wa Septemba umetufikisha katika majira ambayo wazee wa pwani huyaita demani. Kipupwe kimepita. Upepo wa kusi, uliovuma tangu masika na kuwazuia wenye ngalawa ndogo wasiende mbali, sasa wapungua nguvu. Upepo wa kaskazi haujafika bado, wala mvua za vuli hazijaanza. Asubuhi bahari ya Tanga na Pangani hutulia. Mibuyu imesimama mitupu, na majani ya mkungu hugeuka mekundu kabla ya kudondoka. Maji yakipwa, ndege wenye midomo mirefu watafuta chakula matopeni karibu na mikoko. Wengi wao wametoka nchi za kaskazini, mbali sana, wakiikimbia baridi. Mbayuwayu nao wa Ulaya wako njiani kuja kwetu.

Tarehe 22 au 23 ya mwezi huu jua lavuka mstari wa ikweta kwenda kusini, na mchana na usiku hukaribia kulingana duniani pote. Ndugu zetu Walutheri wa Minnesota na Wisconsin, huko Marekani, huona siku hizo majani ya miti yao yakiwa mekundu na ya manjano, na wengi hushika sindano na sufu, wakafuma nguo za kungojea baridi. Sisi hatuna baridi ya namna hiyo, wala sufu hatuihitaji. Lakini tuna demani, na mikononi mwa mama zetu tuna ukili.

Mnaijua kazi hii. Makuti machanga ya mkindu hukatwa, huanikwa juani mpaka yawe meupe, kisha huchanwa chane nyembamba. Nyingine huchemshwa pamoja na rangi. Ndipo vidole huanza kusuka, chane juu, chane chini. Ukili huweza kusukwa barazani, huweza kusukwa njiani mtu akitembea na kuzungumza. Hupimwa kwa pima, na mkeka mmoja wahitaji pima nyingi. Ukikosewa hufumuliwa, hurudiwa. Mara nyingi mikono ya wanawake kadhaa husuka, na mmoja huunganisha, ukili kwa ukili, hata mkeka ukatimia. Jirani zetu Waislamu wanaijua kazi hii sawasawa na sisi, na wengi wetu tumefundishwa barazani kwao. Hilo nalo ni jambo la kumshukuru Mungu.

Basi, kuna neno moja tunalolisikia mara nyingi tukiwatembelea watu nyumbani. Twamkuta mama barazani, ukili mkononi, watoto wakicheza uani, upepo mwanana ukitoka baharini. Twamwuliza habari za kazi. Naye hujibu kwa haya kidogo: “Sina kazi, nimekaa tu.” Neno hili yatupasa kulifikiri. Kwa nini mtu aombe radhi kwa kuonekana ametulia? Na kwa nini kazi ya mikono yake isihesabiwe kuwa kazi?

Labda sababu moja imo katika historia ya nchi yetu. Mwaka 1893 Dakta Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kwa miche hiyo yalianza mashamba makubwa ya Tanga. Katika mashamba hayo, zamani za ukoloni, mtu alipewa kipande, na siku zake 30 za kazi zikatiwa alama humo moja moja. Siku isiyo na alama haikuwa na ujira. Vipande vile vimekwisha, lakini twaogopa kwamba vingine vimebaki mioyoni. Tumejifunza kujipima kwa alama. Kisichotiwa alama, kisicholipwa fedha, twakiita bure.

Ni kweli, mkeka wa ukindu hauna faida kubwa. Mikeka ya plastiki yauzwa madukani, na aliyesuka kwa majuma mengi akihesabu saa zake, huvunjika moyo. Hatuwalaumu wanaonunua, kwa maana si kila nyumba ina nafasi ya kusuka. Twasema hili tu: thamani ya mtu mbele za Mungu haimo katika alama za kipande. Mwaka 1520 Martin Luther aliandika kwamba mbele za Mungu kazi za watawa na mapadre hazipiti kazi za mkulima shambani, wala za mwanamke nyumbani mwake; zote hupimwa kwa imani. Hatusuki ili tupate kibali cha Mungu. Tumekwisha kupewa kibali bure katika Kristo, na kwa hiyo mikono yetu yaweza kufanya kazi bila hofu, na kupumzika bila hofu.

Tazameni vilevile jinsi Mungu anavyoyaongoza majira. Baada ya gharika alimwahidi Nuhu kwamba kupanda na kuvuna, joto na baridi, havitakoma. Hakuyapanga majira yote kuwa ya jasho. Kati ya kusi na kaskazi ameweka utulivu huu. Asiyeweza kuupokea kwa shukrani, hata mvua ikija ataipokea kwa manung'uniko.

Tena kumbukeni habari za Dorkasi wa Yafa, katika Matendo ya Mitume, sura ya 9. Alipokufa, wajane walimzunguka Petro wakilia, wakamwonyesha nguo alizowashonea alipokuwa pamoja nao. Hawakuleta hesabu ya mali yake. Walileta kazi ya vidole vyake, na kila nguo ilikuwa na mtu aliyevikwa. Ndivyo ulivyo mkeka kwetu. Nyumba ikifiwa, kwanza hutafutwa mikeka, watu wapate kukaa na wenye msiba. Mama aliyesema, “Nimekaa tu,” amewatandikia wengine mahali pa kukaa siku ya machozi yao.

Lakini tusigeuze neno hili kuwa kisingizio cha uvivu, wala tusisahau kwamba wako wasioweza kutulia. Yuko mjane ambaye paa lake la makuti limetoboka, naye ajua vuli i karibu. Demani kwake ni hofu. Basi vijana wa usharika, bahari ikiwa shwari na shamba likingoja mvua, nendeni mkaliezeke paa lake sasa, ili naye apate kukaa barazani. Nanyi mama zetu, waiteni binti zenu wakae nanyi, hata kwa saa moja, mkiwafundisha kuchana na kusuka. Mengi ambayo kijana hayasemi akitazamwa usoni, huyasema macho yake yakiwa kwenye ukili. Na sisi sote tutoke asubuhi moja, tuitazame bahari ilivyotulia, tumshukuru aliyeituliza.

Siku chache zijazo upepo utageuka. Mawingu ya vuli yatapanda, na majembe yatashikwa tena. Mungu na atujalie kuingia katika kazi hiyo kwa moyo uliopumzika, na mikono iliyokumbuka wengine.

Amani ya Kristo iwalinde ninyi na nyumba zenu. Amina.