Muasisi Yupi Apendwe? Fikira Zitokazo Pangani

Swali la nani apendwe zaidi miongoni mwa waasisi wa taifa ni swali la barazani, na aghalabu hujibiwa kabla kahawa haijapoa. Mmoja atamtaja Mwalimu Nyerere, wa pili Mzee Karume, wa tatu Bibi Titi Mohamed. Lakini likiulizwa Pangani, kwenye mdomo wa mto, kuna jina jingine lisiloweza kupitwa kimya, ijapokuwa mwenyewe alifariki miaka 65 kabla TANU haijaundwa: Abushiri bin Salim al-Harthi, aliyenyongwa na Wajerumani mjini humo tarehe 15 Desemba 1889. Jina hilo ndilo linaloligeuza swali la mazungumzo kuwa swali la maadili.

Sifa zake si haba. Mwezi wa Aprili 1888 Sayyid Khalifa wa Unguja alitia saini mkataba ulioipa kampuni ya Wajerumani mamlaka ya kuutawala Mrima na kukusanya ushuru wa forodha. Watu wa Mrima hawakuulizwa. Agosti ya mwaka huo wakala wa kampuni, Emil von Zelewski, alitaka bendera ya kampuni ipepee Pangani, akamvunjia liwali heshima yake mbele ya watu, na inasimuliwa kwamba askari wa manowari waliokuja kumsaidia waliingia hata msikitini. Mji ukawaka. Zelewski na wenzake walizingirwa hadi watu wa Sultani walipokuja kuwatoa. (Funzo hilo halikumwingia: mwaka 1891 aliuawa Lugalo na Wahehe wa Mkwawa.) Abushiri alisimama mbele ya hasira hiyo akaipa uongozi, alipigana na Wissmann karibu na Bagamoyo mwezi wa Mei 1889, na boma lake lilipovunjwa aliendelea kupigana mpaka akakamatwa. Mja aliyekataa kuuzwa kwa saini ya mwingine hawezi kunyimwa heshima. Ushairi nao haukumnyima, kwani Hemedi bin Abdallah al-Buhriy alivitungia vita hivyo utenzi.

Ila Abushiri alikuwa pia mwenye shamba la miwa, na miwa ya Pangani ililimwa, ikakatwa na kukamuliwa kwa mikono ya watumwa. Mwaka 1873 watumwa wa mashamba hayo waliasi, wakajijengea makao yao Kikogwe, ng'ambo ya mto. Kwa hiyo kilio cha uhuru kilichosikika Pangani mwaka 1888 hakikuwa kilio kimoja. Bwana alitaka asiamriwe na Mjerumani; mtumwa alikwisha kutaka asiamriwe na bwana. Mjukuu wa huyo wa pili akiambiwa ampende Abushiri, ana haki ya kuuliza ampende kwa jicho la nani.

Hapo hutolewa hoja ya zamani na ya upole: kila mtu ahukumiwe kwa zama zake. Ni hoja nzuri kwa nusu yake. Watu wa Kikogwe nao walikuwa watu wa zama hizo hizo, waliishi kando ya mto huo huo, na rai yao juu ya utumwa walikwisha kuitangaza kwa miguu yao na kwa silaha miaka 15 kabla ya bendera ya Zelewski. Anayesema kwamba zama zile hazikuujua ubaya wa utumwa amewahesabu mabwana peke yao kuwa ndio zama.

Yafaa basi kutenga heshima na mapenzi. Heshima hugawika, mtu aweza kuheshimiwa kwa tendo lake moja, na matendo mengine yakabaki mezani yakisubiri hukumu. Mapenzi hayana mgawanyo huo. Anayesema kiongozi fulani ndiye kipenzi changu amejidhamini kwa madeni yake pia, na hapana budi awe tayari kukaa na wadai. Unguja wanalijua hili kuliko wengine: aliyepewa ekari tatu baada ya Mapinduzi ya 1964 na aliyempoteza mzazi katika miaka ileile hawawezi kulitamka jina la Mzee Karume kwa sauti moja, na hakuna kati yao asemaye uongo.

Nyerere naye ana wadai. Sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani ilipitishwa mwaka 1962. Baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari 1964 viongozi wa vyama vya wafanyakazi waliwekwa ndani. Katika miaka ya 1970 wanavijiji wengi walihamishwa kwa nguvu. Bibi Titi, aliyewatoa wanawake majumbani wakaijaza mikutano ya TANU, alihukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini, akaachiwa mwaka 1972. Ampendaye Mwalimu asiyapite hayo mbiombio.

Pamoja na hayo, kama lazima achaguliwe mmoja, na achaguliwe kutoka Pangani, mizani humwelekea Mwalimu, kwa sababu ya neno alilolisimamia Oktoba 1961. Katika mjadala wa kutunga sheria walikuwamo waliotaka uraia wa nchi iliyokaribia kuwa huru upimwe kwa rangi ya mtu. Alikataa, akasema serikali yake i tayari kujiuzulu kuliko kulikubali hilo. Kwa mji wa Wazigua na Wabondei, Washirazi, Waarabu na Wahindi, mji wa wajukuu wa mabwana na wajukuu wa watumwa, neno hilo lilikuwa na uzito kuliko hotuba nyingi za ushindi. Lilikuwa uhuru ambao mtu hakuhitaji kwanza kuulizwa babu yake alisimama upande gani wa mto.

Hilo halimwondoi Abushiri katika kumbukumbu za Pangani, wala halipaswi. Linamwekea jirani: watu wa Kikogwe, ambao hakuna barazani anayeyajua majina yao.