Adabu ya Kutia Alama Kitabu

Kila kitabu adimu kiingiacho maktabani hupita kwanza mikononi mwa mtu ambaye wasomaji aghalabu hawamjui, naye hukipa namba, hukivika kinga na kukipangia mahali rafuni. Na ingawa wengi huihesabu kazi hiyo kuwa ya mikono tu, mimi naona ndani yake mna suali la dini: mwanadamu ana idhini gani ya kukipa jina kitu asichokifanya yeye, na jina hilo lastahili kudumu muda gani?

Huko Lwiro, upande wa Katana, chini ya milima ya Kahuzi, kaskazini mwa Bukavu, Wabelgiji walijenga kituo kikuu cha IRSAC, taasisi ya utafiti iliyoanzishwa mwaka 1947, wakaweka na maktaba ambayo leo, chini ya jina la CRSN, ni miongoni mwa hazina kubwa za elimu katika Kivu. Tangu siku hizo Kongo ya Wabelgiji imekuwa jamhuri huru mwaka 1960, ikaitwa Zaire mwaka 1971, ikarudia jina la Kongo mwaka 1997, wala kitabu kilichochapwa zamani hakikugeuka hata herufi moja. Mhuri wa wino wa zama za IRSAC hutaja taasisi isiyokuwapo tena, na hautoki katika karatasi pasipo kuijeruhi.

Ndiyo sababu mtunzaji mwenye hadhari habandiki karatasi ya gundi juu ya mgongo wa jalada la ngozi. Huchukua penseli laini, akaandika namba kwa mkono mwepesi nyuma ya ukurasa wa jina, karibu na mshono, asikandamize hata maandishi yakajichora upande wa pili. Kisha hukata ukanda wa karatasi isiyo na asidi, upana wa vidole viwili, akaiandika namba ile ile na kuutia ukanda baina ya kurasa, ncha ikichungulia nje. Jalada lililolegea hulifunga kwa utepe wa pamba, fundo likakaa upande wa kurasa, si mgongoni ambako lingeumiza ngozi. Kibandiko cha gundi mahali pake ni sandukuni, maana katika nchi ya mvua nyingi kama hii gundi huota ukungu na kuwaita wadudu.

Lakini penseli yafutika kwa wepesi kuliko hukumu iliyomo katika namba. Chukua kitabu kielezacho ibada ya Lyangombe, ambayo Washi na jirani zao wa Maziwa Makuu waliishika kabla ya wamisionari, na wengine hata baada yao. Katika mpango wa desimali ambao Paul Otlet na Henri La Fontaine waliutunga huko Brussels kwa kuupanua ule wa Mmarekani Melvil Dewey wa mwaka 1876, dini ina namba 2, na mila pamoja na ngano zina namba 39. Akikiweka katika 39, mtunzaji amekwisha kutoa fatwa, pasipo kufungua kinywa, kwamba wazee wetu walikuwa na desturi wala hawakuwa na dini. Akikiweka katika 2, kwa miaka mingi hakukipatia nafasi ila katika 29, walimosongamana Waislamu, Wabudha na waabuduo wa Afrika, ilhali Wakristo walipewa mafungu yote ya 22 hadi 28. Mpango huo ulirekebishwa mwaka 2000, nami naona ulichelewa mno. Mtu aliyeingizwa katika ibada hiyo alifungwa na siri, akamwomba Lyangombe amkinge. Sijui ni kwa insafu ipi tuiite sala yake hekaya.

Qurani yasimulia kwamba Mwenyezi Mungu ndiye aliyemfundisha Adamu majina, na Taurati yasema kuwa wanyama waliletwa mbele yake awape majina. Katika simulizi ya kwanza jina ni elimu iliyopokewa, katika ya pili ni kazi iliyokabidhiwa. Bali si katika hii wala katika ile ambamo kukitaja kitu kunamfanya Adamu kuwa mwenye kukimiliki. Walioweka vitabu vya mkono vya msikiti wa Riyadha, Lamu, walilifahamu jambo hili, maana katika vingi vyao waliandika kuwa ni wakfu. Hiyo ndiyo alama ya wino niikubaliyo kwa moyo wote, kwa kuwa haidai kujua kitabu ni nini. Yasema tu kwamba si mali ya mtu wala hakiuzwi.

Nitajibiwa kuwa mwizi huifuta penseli na kuutupa ukanda, na kwamba nchi iliyoonja vita tangu mwaka 1996 haiwezi kutegemea uungwana wa watu. Ni kweli, na jibu lake ni daftari: kila kitabu kiandikiwe vipimo vyake, madoa yake, kurasa zilizopungua na majina ya waliokuwa nacho, na nakala ya pili ikae mji mwingine, ili kitabu kitambulike kwa makovu yake chenyewe. Na siku namba ya 39 itakapobadilishwa, kitabuni ifutwe, lakini daftarini ipigwe mstari mmoja tu, ibaki yasomeka, na ile mpya iandikwe kando yake pamoja na tarehe na jina la aliyeibadilisha.